Siku Niliyobeba Asali Kwenda Kutafuta Mlezi

Wacha nikubali mapema kwamba nilijiaibisha, ili msije mkaniuliza katikati ya hadithi kama kweli mimi ndiye yule kijana aliyecheza kwenye lango la watu akiwa na chombo cha asali begani. Ndiyo, ni mimi. Kuna kijiji kimoja pale juu ya Nkubu, upande wa Meru, ambacho nikipita hadi leo kuna mama fulani huinuka kutoka shambani kwake akaniita mkwe, halafu anacheka mpaka anashika kiuno, na mimi sina la kufanya ila kumpungia mkono na kukanyaga mafuta.

Mnakumbuka wakati ule nilikuwa nikiongoza kikundi chetu cha vijana kule Siakago, kile cha ufugaji wa nyuki. Nasema nilikuwa nikiongoza, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nikipiga kelele tu. Mikutano ilianza saa nne asubuhi ikaisha saa kumi bila kuamua chochote, vijana walikuwa wakitoroka mmoja mmoja kwenda kuchuma muguka, yale majani ya kutafuna (kule hakuna mikutano), na kila tulipoandika barua ya kuomba ufadhili tulijibiwa kwa heshima nyingi kwamba kikundi ni kizuri ila kiongozi wake hana mafunzo. Mimi niliishia kidato cha nne. Jibu hilo lilikuwa likiniuma kuliko nyuki, na nyuki wameniuma sana. Tulikuwa tumebaki vijana arobaini, na nilijua mwaka mwingine wa kubahatisha ungetumaliza.

Basi nafasi ikaja. Shirika moja lilitangaza mafunzo ya mwaka mzima kwa viongozi wa vikundi vya vijana: jinsi ya kuendesha bodi, kuandika maombi ya ufadhili, kupanga mwaka, kusuluhisha ugomvi, yaani kila kitu nilichokuwa nikifanya kwa kupapasa. Nikahudhuria semina ya kwanza mjini Embu, siku tatu za chai ya saa nne na karatasi za manila, na siku ya mwisho tukaambiwa sharti moja limebaki. Kila mtu amepangiwa mlezi, kiongozi aliyekomaa kwenye kazi hii, wa kumsaidia mwaka wote. Lazima umwendee mwenyewe ukiwa na mtu mmoja wa bodi yako, umweleze mpango wako, naye aweke sahihi kwenye fomu. Fomu irudi Jumatatu asubuhi. Isiporudi, nafasi yako anapewa mwingine, na waliokuwa wakingoja walikuwa wengi (mmoja wao alikaa nyuma yangu siku zote tatu akinitazama kisogo).

Mlezi wangu aliitwa Kagwiria. Alikuwa akiendesha programu ya wasichana mjini Meru, mwanamke aliyekaribia arobaini, hajaolewa (hilo la mwisho sikulijua, wala sikuwa na sababu ya kulijua). Nilipompigia simu alinijibu kwa upole sana.

"Jumamosi nitakuwa nyumbani kwa wazazi," akasema. "Kuja huko na mwenyekiti wako. Asubuhi niko na kikao na wazazi wa wasichana wangu, kwa hivyo mkinikosa mningoje, mkunywe chai. Nitawaambia wazee kuna wageni wa kazi."

Wageni wa kazi. Alisema hivyo, na nyumbani aliwaambia hivyo hivyo. Sitaki mtu amlaumu Kagwiria kwa yaliyofuata.

Kosa lilianza Ijumaa, na lilikuwa dogo. Tulikuwa tumekubaliana hatuwezi kwenda kwa watu mikono mitupu, na kikundi cha nyuki kitabeba nini kama si asali? Lakini chupa zetu zenye lebo zilikuwa zimeisha. Ilibaki mitungi ya plastiki iliyowahi kuwa na mafuta ya kupikia, na nilipoitazama nikamkumbuka mkufunzi wetu wa semina, bwana mmoja mwenye miwani ya kamba, aliyetuambia kwamba bidhaa isiyo na hadithi ni bidhaa tu. Alitaka tufungashe vitu vyetu kwa namna itakayomfanya mtu ajue tumetoka wapi. Nikaona huo ndio wakati wa kuonyesha kwamba sikulala darasani. Nikaenda jikoni kwa cucu, yaani nyanya yangu, nikaangua kithembe kilichoning'inia juu ya moshi tangu kabla sijazaliwa. Ni chombo cha asali cha zamani, gogo lililochongwa ndani likawa mviringo, na kifuniko cha ngozi ya ng'ombe.

"Unaenda nacho wapi?" cucu akaniuliza.

"Kazini, cucu."

"Kazini?"

"Ndiyo. Meru. Kuna mama mmoja ninataka anikubali."

Kisha akakipangusa, akakipaka mafuta mpaka kikang'aa, akakitemea mate kidogo na mimi pia akanitemea kifuani. Nikajua ni baraka, lakini nikashangaa baraka nyingi hivyo za fomu.

Jumamosi tukaondoka watu watatu kwenye pikapu kuukuu ya Mwalimu Nyaga, mwenyekiti wa bodi yetu, mwalimu mstaafu anayeheshimika kuanzia Siakago hadi Ishiara. Mimi nikiendesha, nimevaa suti ya harusi ya binamu yangu. Mwalimu amevaa koti na kofia, fimbo yake mkononi. Katikati yetu Wawira, mwekahazina wa kikundi, msichana mwenye macho makali na mdomo usiofungwa, amekipakata kithembe. Tukapanda kupitia Kanyuambora hadi Karurumo tukashika lami ya Meru, na hapo Karurumo Mwalimu akasema sukari na majani chai lazima ziwepo, akanunua. Akanunua na blanketi pia, blanketi nzito nyekundu, kwa sababu sisi watu wa chini tumezoea joto na yeye alikuwa ameambiwa baridi ya Nkubu inaingia mpaka kwenye meno. Akajifunika nayo palepale. Tulipofika mlimani akaivua, akaikunja vizuri, akaiweka mkononi ili asionekane mgonjwa.

Sasa hebu mtuone kama walivyotuona. Kijana mwenye suti, chombo cha asali begani. Nyuma yake mzee mwenye fimbo, blanketi mpya mkononi. Nyuma ya mzee msichana na sukari na majani chai. Tunakuja kwa miguu kutoka barabarani (matope yalikuwa yamekataa pikapu) tukielekea nyumba yenye binti ambaye hajaolewa. Nyinyi mmeshaelewa, naona mnacheka. Huko Meru, na kwetu pia, mahari haikamiliki bila asali, na asali ya chombo cha mti ikiingia langoni namna hiyo hakuna anayeuliza imekuja kufanya nini. Msinione mjinga, niliijua desturi hiyo tangu utotoni. Lakini mtu anayeuza asali kila siku huizoea. Kwangu ilikuwa kilo, chupa na lebo. Haikunipitia akilini hata mara moja.

Tukamwona mama mmoja uani akichambua maharagwe. Akainua kichwa, akaona kithembe, na ungo ukamwanguka. Akapiga kigelegele ambacho sijawahi kusikia mtu mmoja akikipiga. Nikageuka nyuma kuona ni nani mwingine anakuja. Hakukuwa na mtu. Nilipogeuka tena, lango lilikuwa limefungwa mbele yetu, kwa ndani, na mnyororo.

"Wametufungia?" nikamwuliza Mwalimu.

Mwalimu aliendelea kulitazama lango. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Muda si muda akina mama wakawa wanatoka kila upande wa ua, mmoja na jembe, mwingine na mtoto mgongoni, wakajipanga upande wa ndani wa lango wakaanza kuimba na kupiga makofi wakitutazama, kama wanavyopokewa waposaji. Mimi nikachanganyikiwa kwanza, kisha nikapata nuru. Kwenye semina, kila baada ya chai, mkufunzi alitusimamisha tuimbe na kurukaruka ili usingizi utoke. Nikajiambia, kumbe hata familia ya mlezi imepata mafunzo! Nikaanza kucheza. Nikacheza na kithembe begani, mbele na nyuma, nikazunguka, na akina mama wakapandwa na mori wakazidisha, mmoja akapaza sauti akisema kitu kwa Kimeru na wote wakacheka wakinionyesha kidole.

"Ireri," Wawira akaninong'oneza, "hawa watu nafikiri—"

"Cheza wewe," nikamwambia. "Tunaangaliwa."

Lango likafunguliwa. Tukaketishwa sebuleni kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe. Baba yake Kagwiria alikuwa mzee mwembamba mpole, na pembeni yake akaja ndugu yake, Mzee Mutwiri, aliyeitwa mbio kutoka boma la pili, gambuti za shambani bado miguuni na fimbo mkononi. Kimeru na Kimbeere chetu ni ndugu lakini wazee hawakutaka kubahatisha siku hiyo, wakasema tuongee Kiswahili ili kila mtu asikie vizuri. Mama Kagwiria, yule wa kigelegele, akapokea kithembe kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia Mwalimu Nyaga, akaipokea blanketi pia, na kabla sijapepesa macho alikuwa ameshamfunika mume wake mabegani.

Nikamwona Mwalimu akiiangalia blanketi yake, akaangalia kithembe, akaniangalia mimi kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa polepole, na kutoka hapo akawa mtu mwingine kabisa. Akakaa wima, akaweka fimbo katikati ya magoti. Baadaye nilijua kwamba dakika hiyo ndipo alipoelewa, isipokuwa alielewa vibaya zaidi: alifikiri nimekuja kuoa kweli, nikamficha yeye mwenyekiti wangu, nikamdanganya ni mambo ya fomu. Alikasirika. Lakini alisema moyoni huwezi kumwacha kijana wako aaibike kwa watu, akaamua kusimama na mimi.

Asali ikafunguliwa. Baba akaonja, akampa ndugu yake akaonja, mama akaonja akafumba macho. Nikafurahi sana. Nikawaomba watoe maoni kuhusu ladha na rangi, na kama wangependa iwe nzito zaidi.

"Asali ni nzuri," akasema baba, akinishangaa kidogo. "Wewe ni wa ukoo gani?"

Nikamtajia. Nikadhani ni kwa ajili ya kumbukumbu.

"Unakunywa pombe?"

"Hapana, mzee."

"Kanisani?"

"Kila Jumapili." (Karibu kila Jumapili.)

"Na nyumbani una watu wangapi wanakutegemea?"

"Arobaini, mzee. Wengi wao hawajafika hata miaka ishirini."

Mama Kagwiria akasema "Yesu!" akaketi.

Maswali hayo yalinichanganya, lakini si kiasi cha kuniogopesha. Mkufunzi alituambia kila taasisi ina utaratibu wake wa kumkagua mtu. Nilichoona tu ni kwamba Wawira alikuwa amejifunika mdomo na leso, mabega yakitetemeka, na mara tatu alinivuta mkono wa koti. "Ireri, nisikize kidogo." Nikamsukuma na kiwiko. Tulifundishwa kwamba ukianza kujieleza usikubali kukatizwa, utapoteza mtiririko.

Nikasimama. Nikatoa karatasi yangu ya manila niliyoiandaa usiku kucha kwa kalamu za rangi tatu, nikatafuta ukuta. Mahali pazuri palikuwa na picha kubwa ya fremu, Kagwiria amevaa joho la chuo kikuu. Nikaibandika juu yake.

"Kijana," akasema Mzee Mutwiri, "kwetu anayeongea ni mzee wako."

"Ni mpango wangu mwenyewe, mzee. Lazima niutetee mwenyewe."

Wazee wakatazamana. Nikaendelea. Nikawasomea kwamba miezi mitatu ya kwanza ni ya kufahamiana na Kagwiria, kujua nguvu zake na udhaifu wake. Kwamba tutakutana mara mbili kwa mwezi, Embu au Meru, kulingana na nafasi yake.

"Mara mbili kwa mwezi," akasema mama.

"Siku zingine tutatumia simu, mama."

"Simu."

"Na gharama tutagawana."

Nikawaambia katikati ya mwaka kutakuwa na watu wa kutoka Nairobi watakaokuja kuangalia tunaendeleaje, na tutawajazia ripoti. Nikawaambia mwisho wa mwaka ni tathmini, halafu kila mtu aende zake. Nilikuwa natoka jasho lakini sauti yangu ilikuwa imara, na nikaona vile walivyokaza macho nikajua nimewashika.

Mzee Mutwiri akasimama. Akakaribia manila, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Hapa umeandika kila mtu aende zake."

"Ndiyo, mzee. Isipokuwa tukiona kuna faida ya kuendelea."

"Na kabla ya mwaka kuisha, ukiona hakufai?"

"Shirika litanitafutia mwingine. Wako wengi kwenye orodha."

Maharagwe yakasikika yakichemka jikoni. Kisha Mzee Mutwiri akaanza kusema kwa Kimeru, haraka, na ingawa sikupata maneno yote nilipata neno fimbo, na nikapata kwamba inaelekezwa kwangu.

Hapo Mwalimu Nyaga akainuka, akavua kofia.

"Wazee, poleni," akasema. "Kijana wangu alipelekwa semina siku tatu, kichwa kimechafuka. Hajui anachosema. Msimsikize yeye, nisikizeni mimi. Sisi tumempenda msichana wenu. Hatumtaki wa mwaka mmoja, tunamtaka wa maisha. Na kama kijana hana kitu, mimi niko na mtamba wangu mmoja nyumbani, mzuri, nitamtoa kwa mkono wangu."

Nikamgeukia. "Mwalimu, unasema nini?"

"Kaa chini, Ireri."

"Mtamba wa nini?"

Nikaangalia kithembe. Nikaangalia blanketi kwenye mabega ya baba. Nikamwangalia Wawira, na Wawira hakuwa akicheka tena. Alikuwa akinihurumia, na hapo ndipo nilipoelewa. Nilijihisi mdogo sana, na nikatamani sakafu ile ya simiti ipasuke.

Na mlangoni akawa amesimama Kagwiria, faili kwapani, viatu vimejaa matope.

Aliangalia vyote kwa zamu. Kithembe kimefunguliwa. Baba na blanketi. Mjomba... samahani, baba yake mdogo, na fimbo juu. Akaja mpaka kwenye ukuta, akasoma manila kuanzia juu mpaka chini bila haraka, kisha akainua kona ya karatasi akaona picha yake chini yake.

"Ireri ni nani?"

"Ni mimi," nikasema.

Akamgeukia mama yake. "Mama, hawa ni wageni wa kazi. Si nilikuambia?"

"Uliniambia," akasema mama, kijiko cha asali bado mkononi. "Lakini waliingia na asali. Nikafikiri unaona haya kutuambia."

Nje akina mama walikuwa bado wanaimba, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kwenda kuwanyamazisha.

Ningetaka kuwaambia kwamba watu walicheka. Walicheka, ndiyo, lakini ni baada ya miezi. Siku hiyo Mama Kagwiria aliweka kijiko chini, akatoka kwenda jikoni, na mimi (kitu pekee cha maana nilichofanya siku hiyo nzima) nikamfuata. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akikoroga mukimo wa viazi na mahindi ambao haukuhitaji kukorogwa. Nikamwomba msamaha. Nikaanza kumweleza habari za chupa zenye lebo zilizoisha, nikajisikia nikiongea ujinga, nikanyamaza.

"Wewe hukukosa sana," akaniambia bila kuinua macho. "Mimi ndiye nilitaka sana. Miaka mingapi nimekaa bila kumwuliza. Niliapa sitamwuliza tena. Halafu nikaona asali pale kwa lango nikasahau kila kitu, hata kuuliza mnatafuta nani."

Nilipogeuka, Kagwiria alikuwa nyuma yangu, na nina hakika alisikia yote. Alinipita, akamshika mama yake bega, nami nikatoka.

Sebuleni wazee walikuwa wakijadili asali. Mzee Mutwiri alitaka niitwe siku nyingine nilete mbuzi wa faini kwa kumchezea mtoto wao. Baba yake Kagwiria alisema mbuzi hapana, lakini asali imeonjwa, na asali iliyoonjwa haiwezi kutoka tena langoni, itamletea binti mkosi. Mwishowe akasema wataipokea kama asali ya mtoto wa nyumbani aliyekuja kuwasalimia wazazi, na kwamba kuanzia siku hiyo Kagwiria ni dada yangu na jambo hilo limefungwa. Mwalimu Nyaga akashukuru kwa maneno mazuri sana. Kuhusu blanketi hakuna aliyesema chochote.

Tukala. Sikumbuki nilikula nini zaidi ya mukimo. Fomu ilikuwa mfukoni ikinichoma, na sikuthubutu kuitoa. Nilikuwa nimeshamwona yule jamaa wa nyuma yangu akikaa kwenye kiti changu Jumatatu, na vijana wangu arobaini wakigawana mizinga na kutawanyika. Nilipokuwa nafungua mlango wa pikapu ndipo Kagwiria akaja nyuma yetu.

"Leta hiyo fomu."

Akaiweka juu ya boneti. Lakini hakuandika mara moja.

"Uliongea kwa muda gani pale ndani?"

"Kama nusu saa."

"Na katika hiyo nusu saa uliwauliza wazazi wangu swali gani?"

Nikafikiri. "Niliwauliza kuhusu ladha."

"Na mama anasema huyu dada alikuwa akikuvuta koti. Mara ngapi?"

"Tatu," akasema Wawira.

Akaandika kitu, akatia sahihi, akaikunja fomu mara mbili akanipa. Sikuifungua. Niliogopa.

Tuliteremka mpaka Karurumo, Mwalimu Nyaga akitetemeka kwa baridi na akikataa koti langu. Tulipoagiza chai ndipo akasema, "Ireri, yule mtamba ningemtoa kweli," nami nikaangalia pembeni kwa sababu machozi yalikuwa karibu. "Sasa soma hiyo karatasi," akaongeza.

Nikaifungua. Palikuwa na sehemu iliyoandikwa maoni ya mlezi. Wenzangu (nilikuja kuona baadaye) waliandikiwa kwamba ni wabunifu, wachapakazi, wana maono. Mimi niliandikiwa mstari mmoja: "Anahitaji mafunzo haya sana. Aanze Jumatatu hiyo hiyo."

Nikaanza. Kagwiria akanilea mwaka ule wote, mara mbili kwa mwezi na siku zingine kwa simu, na mikutano mitatu ya kwanza alinikataza kabisa kusema isipokuwa kwa kuuliza. Kikundi kipo hadi leo, mnakijua. Cucu naye aliponiona nimerudi bila kithembe aliuliza swali moja tu, "Wamekubali?" nikamjibu wamekubali, na kabla sijajua kinachoendelea nusu ya Siakago ilikuwa ikinipongeza kwa kupata mke Meru. Kuwaeleza ilichukua muda mrefu kuliko mafunzo yenyewe.

Siku hizi na mimi nimepewa vijana wa kulea. Nimeapa, na kila mmoja ninamwambia kwenye simu kabla hajaja: njoo mikono mitupu. Najua kwetu maneno hayo ni karibu na matusi, na wengine hunyamaza kwa mshangao, lakini sitaki kitu. Waje na fomu, kalamu na maswali. Na kama mtu ameshindwa kabisa kujizuia, basi asali ije kwenye chupa ya plastiki, yenye lebo kubwa, ili mama yeyote aliyeketi uani akichambua maharagwe aione toka mbali na ajue kwamba hii ni bidhaa tu.